Anzia Machweo, Rudi Nyuma: Namna ya Kupanga Ratiba ya Harusi Mjini Moshi ili Picha Zisiliwe na Giza

Kamati nyingi za harusi hapa Moshi huanza kupanga ratiba kwa kuuliza mambo mawili: ibada ni saa ngapi, na maharusi wanaingia ukumbini saa ngapi. Kipande kinachobaki katikati huitwa "muda wa picha", na kwa kuwa hakina mwenyewe, kila anayechelewa hukichota. Saluni huchota nusu saa, mahubiri yakirefuka huchota robo saa, matarumbeta yanayotaka kuzunguka mnara wa saa mara tatu nayo huchota fungu lake, na maharusi hufika kwenye bustani iliyolipiwa wakati popo wameshaanza kuruka. Mpiga picha hulazimika kuwasha flashi na kupiga haraka haraka, na mwezi mmoja baadaye familia humwuliza kwa nini nyuma ya bibi harusi kuna weusi mtupu.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, mjini na katika parokia na sharika za mlimani, na ushauri ninaowapa wanakamati wote ni mmoja: msianzie ratiba asubuhi, anzieni machweo, kisha rudini nyuma hatua kwa hatua mpaka mfike saa ambayo bibi harusi anapaswa kuamka. Saa ya padri inaweza kuombwa na saa ya ukumbi inaweza kujadiliwa, lakini jua halina mjumbe wa kulibembeleza.

Jua la huku na saa zake

Kwa kuwa tuko nyuzi 3 na ushei tu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana wetu haubadiliki sana katika mwaka, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba jua huzama saa ile ile siku zote. Sivyo. Mwanzoni mwa Novemba jua huzama muda mfupi baada ya saa 12:20 jioni. Mwishoni mwa Desemba, wakati wana wa Kilimanjaro wamerudi nyumbani na harusi zimejazana, huzama karibu na saa 12:40. Katikati ya Februari husogea hadi kuipita kidogo saa 12:50. Na katikati ya mwaka hurudi kwenye saa 12:30 au zaidi kidogo. Arusha, kwa kuwa iko magharibi yetu, huchelewa kwa dakika mbili au tatu tu, na tofauti hiyo haina uzito wowote katika ratiba. Nusu saa iliyopo kati ya Novemba na Februari ndiyo yenye uzito, kwa maana kamati iliyonakili ratiba ya binamu aliyeoa Februari na kuitumia Novemba imejinyima nusu saa ya nuru bila kujua.

Giza la huku, tena, halina hodi. Karibu na ikweta jua hushuka likiwa karibu wima, na likishapotea zinabaki takriban dakika 20 ambazo anga lina rangi na uso wa mtu bado unaonekana bila taa. Baada ya hapo ni usiku. Wale waliozoea kutazama picha za harusi za Ulaya, ambako jioni ya kiangazi hujivuta kwa muda mrefu, huweka ratiba kana kwamba na sisi tunayo jioni ya namna hiyo.

Mchana nao una ubaya wake. Kati ya saa 6 na saa 8 jua huwa juu ya utosi, na katika siku za kati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba hupita wima kabisa juu ya vichwa vyetu. Nuru ya namna hiyo hutia kivuli kizito chini ya nyusi, macho yakaonekana kama mashimo, huku gauni jeupe likiwaka kiasi cha kupoteza nakshi na shanga ambazo fundi alizishona kwa wiki mbili. Kamera ikirekebishwa ili uso wa maharusi uonekane vizuri, gauni huungua. Ikirekebishwa kulinda gauni, nyuso huzama gizani. Hakuna mpiga picha anayeweza kukwepa jambo hilo kwa ustadi peke yake. Anachoweza kufanya ni kutafuta kivuli, au kusubiri.

Saa inayostahili kulindwa, basi, ni ile ya mwisho kabla ya machweo, yaani kati ya saa 11:15 na saa 12:15 jioni kwa harusi za miezi mingi. Jua likiwa chini hupiga mashavu kwa upande, ngozi hung'aa kwa rangi ya dhahabu, na hata majani ya migomba yaliyo nyuma huwa pambo. Juni, Julai na Agosti hesabu hubadilika kidogo, kwa kuwa Moshi na Arusha mara nyingi hufunikwa na wingu la kijivu tangu asubuhi. Wingu hilo huwasikitisha maharusi lakini hunifurahisha mimi, maana hutawanya nuru kama shuka jeupe lililotandazwa angani, na picha nzuri zinaweza kupigwa hata saa 9 alasiri. Ila siku hiyo usingoje rangi ya machweo, kwa sababu nuru hufifia mapema kuliko saa inavyosema.

Nani anataka Kibo nyuma yake?

Jibu ni kila mtu. Mteja wa kwanza aliyeniambia hataki mlima kwenye picha zake alikuwa mtu wa Tanga. Mlima, hata hivyo, hauji kwa mwaliko. Kutoka mjini, Kibo kipo upande wa kaskazini, na saa yake ya uhakika zaidi ni asubuhi mapema, kuanzia mapambazuko hadi kama saa 2 na nusu. Baadaye mawingu hupanda kutoka kwenye msitu, na ifikapo saa 4 au saa 5 kilele huwa kimekwishajifunika. Kuna jioni ambazo hujifunua tena karibu na machweo, na jioni hizo ni zawadi, lakini ratiba haiwezi kujengwa juu ya zawadi.

Kwa hiyo anayeutaka mlima kweli kweli atenge asubuhi nyingine, siku chache kabla ya harusi au siku inayofuata, na awe tayari mahali pa picha kabla ya saa 1. Wapo wazee wasiopenda bwana harusi amwone bibi harusi katika gauni kabla ya kanisa, nami siwashauri vijana kugombana nao kwa ajili ya picha: asubuhi hiyo vaeni kitenge au nguo za kawaida zilizo nadhifu, na gauni lisubiri siku yake. Wanaochagua siku inayofuata hufaidi zaidi, kwa kuwa hawana haraka, ingawa ni lazima wakubali kuamka wakiwa na usingizi wa saa tatu.

Mahali pakiwa wazi upande wa kaskazini, mpiga picha atasimama akiutazama mlima na maharusi watatazama kusini. Hapa miezi ina maana. Desemba jua linakuwa limesogea kusini na huzama kama nyuzi 23 kusini mwa magharibi, hivyo jioni yake huwapiga maharusi usoni kwa upande, jambo zuri sana. Juni jua linakuwa kaskazini na huzama nyuzi hizo hizo upande wa pili, nyuma ya bega lao, na mpiga picha atahitaji kioo cha kurudisha nuru au flashi. Ukikagua mahali mwezi Desemba kwa ajili ya harusi ya Juni, usidhani utaikuta nuru ile ile.

Kuhusu mahali penyewe nitasema machache. Msitu wa Rau una miti mirefu na kivuli cha kutosha, lakini humo giza huingia nusu saa kabla ya nje, hivyo upewe saa 10 na si saa 12. Mijakaranda ya mitaani, Moshi na Arusha, hutandika zambarau chini mnamo Oktoba na Novemba, na haihitaji kiingilio. Kwa harusi za Arusha, Ziwa Duluti pale Tengeru lina maji tulivu na miti inayoinamia ukingoni. Maporomoko ya Materuni ni mazuri mno, ila hufikiwa kwa miguu kwenye njia yenye utelezi, na gauni lenye mkia halina kazi huko. Msitu wa hifadhi, shamba la miwa, bustani ya hoteli na eneo la reli vyote vina wenyewe. Kibali kiombwe wiki kadhaa kabla, kwa maandishi, na mtu mmoja wa kamati akibebe siku hiyo. Anayetaka picha za kutoka angani akumbuke kwamba droni huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na swali hilo aulizwe mpiga picha kabla ya malipo ya awali, si siku ya harusi.

Saa ya ibada ndiyo bawaba

Kati ya mambo yote ambayo kamati inaweza kuyaamua, hakuna linaloathiri picha kama saa ya ibada. Ukiweza kuchagua, omba saa 8 mchana. Ibada ya ndoa ya saa moja na dakika 45 ikianza saa 8 kamili humalizika saa 9:45, na hapo jua limeanza kulegea huku bado kuna muda wa kutosha. Omba mapema, kwa sababu ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, tarehe za Desemba hugombewa, na Kwaresima huyaondoa majuma mengi kwenye kalenda ya wanaofunga ndoa kanisani, hivyo wote waliosubiri hujazana baada ya Pasaka, katikati ya masika.

Swali ambalo kamati husahau kuliuliza parokiani ni hili: siku hiyo kutakuwa na ndoa ngapi katika ibada moja? Desemba si ajabu kukuta jozi nne au sita zimesimama mbele ya altare moja. Viapo, pete na saini za vyeti huzidishwa kwa idadi hiyo, na nje kila familia inagombea ngazi zile zile kwa picha za pamoja. Mkiwa jozi nyingi, ongezeni nusu saa, na chagueni mapema upande mwingine wa jengo, wenye kivuli, badala ya mlango mkuu.

Muoneni padri au mchungaji mkiwa pamoja na mpiga picha, au angalau mpelekeeni ujumbe wake. Wapo wanaokataza flashi wakati wa viapo, wapo wasioruhusu mtu kupita nyuma ya altare, na wapo wanaotaka mpiga picha na mpiga video wasimame mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Masharti hayo yote yanavumilika yakijulikana mapema. Yasiyovumilika ni yale yanayotolewa kwa kipaza sauti katikati ya ibada, mbele ya wakwe.

Ikiwa saa pekee iliyobaki ni saa 4 asubuhi, msikate tamaa, lakini msidanganyike kwamba mtamaliza picha zote saa 7 mchana kwa kuwa tu mko huru. Pigeni picha za pamoja kwenye kivuli cha kanisa, pelekeni wageni wakale, kisha maharusi warudi nyumbani au hotelini, wavue viatu, wale na wapumzike, na saa 11 watoke tena wakiwa wamepakwa poda upya. Najua gharama ya kumweka mpambaji mpaka jioni huwasumbua wengi. Ni bora apunguzwe mtu mmoja kwenye matarumbeta.

Kwa ndoa za Kiislamu bawaba ni swala. Nikahi ikifungwa msikitini baada ya adhuhuri, mara nyingi bwana harusi huwa na wanaume wenzake huku bibi harusi akisubiri nyumbani, na picha za wawili zitaanza pale bwana atakapofika kumchukua. Kama ni baada ya alasiri, muda unaobaki kabla ya magharibi ni mfupi, kwa hiyo mahali pa picha pawe nyumbani penyewe au jirani kabisa. Shughuli ya wanawake itafutiwe mpiga picha mwanamke, na izungumzwe mapema ni picha zipi zinaruhusiwa kutoka nje ya familia.

Mfano wa Jumamosi moja ya Desemba

Tuchukue harusi ya mwishoni mwa Desemba, ibada mjini, ukumbi mjini. Jua litazama saa 12:40. Nitawataka maharusi peke yao kuanzia saa 11:20 hadi saa 12:20, na dakika nyingine chache machweo yenyewe kama anga litakuwa na rangi. Kabla ya hapo nahitaji dakika 20 za maharusi na wasimamizi wao, kwa hiyo magari yafike mahali pa picha saa 11 kasoro dakika 5. Safari ya dakika 10 kwa gari la kawaida ni ya dakika 25 kwa msafara wenye matarumbeta, hivyo wanaondoka kanisani saa 10:30. Picha za pamoja hapo kanisani zinahitaji dakika 35. Ibada basi iwe imekwisha saa 9:45 na watu wawe wametoka, wamepongezana na kulizana kwa dakika 10.

Tuendelee kurudi nyuma. Bibi harusi afike kanisani saa 7:40, na ingawa nyumbani kwao ni mwendo wa robo saa, atoke saa 7:10. Nusu saa kabla ya kutoka ni ya picha na wazazi wake, dada zake na shangazi zake, wakati ambao kwa maoni yangu huzaa picha bora kuliko zote za siku hiyo, kwa sababu mama humtazama mwanawe akiwa hajui kwamba anatazamwa. Kuvaa gauni lenyewe, kamba na vifungo vyake, ni nusu saa nyingine, si dakika 5 kama watu wanavyofikiri. Gauni livaliwe saa 6. Urembo wa uso na nywele uwe umekwisha saa 5:40. Kama mpambaji ni mmoja na ana wasimamizi wanne wa kuwahudumia, kila mmoja kwa dakika 30 au 40, basi kazi ianze saa 2, na bibi harusi awe wa tatu, asiwe wa mwisho. Mtu wa mwisho ndiye anayebeba ucheleweshaji wa wote waliomtangulia.

Mimi hufika saa 5, nikaanza na vitu visivyochelewa: gauni likiwa limetundikwa dirishani, viatu, pete, maua, kadi ya mwaliko. Chumba cha kuvalia kiwe na dirisha kubwa, na tafadhali mifuko ya plastiki, sahani za chapati na masanduku ya ndugu waliotoka Dar es Salaam vipelekwe chumba kingine. Bwana harusi, ambaye ratiba nyingi humtaja mara ya kwanza akiwa tayari kanisani, atengewe walau dakika 40 na mpiga picha wa pili; suti yake nayo ilinunuliwa.

Mtaona kwamba nimeficha dakika za akiba karibu kila hatua: 20 baada ya urembo, robo saa ya safari, 10 baada ya ibada, robo saa ya msafara. Jumla ni kama saa moja. Akiba hiyo isiwekwe mahali pamoja, kwa kuwa ikikaa pamoja ataila mtu wa kwanza. Tena nakala ya ratiba inayokwenda saluni iandikwe nusu saa mapema kuliko ya kamati. Huo si uongo bali ni uzoefu.

Harusi ikiwa mlimani, kwa mfano ibada Marangu na sherehe Moshi, umbali ni takriban kilomita 40, na msafara wa Desemba unaopita Himo siku ya Jumamosi haupaswi kupewa chini ya saa moja na nusu. Hapo msifikirie kabisa kupigia picha mjini. Pigeni huko huko, kwenye migomba na mifereji, kisha mshuke gizani bila haraka.

Picha za pamoja, mahali muda unapokufa

Kundi moja la watu kumi linahitaji dakika 3 kama watu wapo, na dakika 10 kama baba mdogo ameitwa lakini yuko garini anaongea na simu. Makundi 12 kwa dakika 3 ni dakika 36, na hicho ndicho kikomo changu. Kamati ikileta orodha ya makundi 30, naiuliza kwa upole ni kundi lipi litapigwa gizani.

Orodha iandaliwe na familia zote mbili na ipatikane kwa maandishi. Anzeni na wazee wasioweza kusimama muda mrefu, kisha wazazi wa pande zote mbili pamoja na maharusi, kisha kila upande na watoto wake, baba wakubwa na wadogo, mashangazi, wajomba, na mwisho wanajumuiya, wafanyakazi wenza na marafiki. Vikundi vya kikazi na vya kwaya vinaweza kuhamishiwa ukumbini bila hasara yoyote. Tafuteni mtu mmoja kutoka kila upande, mwenye sauti na anayewajua ndugu kwa majina na kwa sura, aite kundi linalofuata wakati lililopo linapigwa. Mpiga picha hawezi kuifanya kazi hiyo, maana hajui yupi ni mama mkubwa na yupi ni jirani aliyevaa sare ya familia.

Mwaka mmoja nilipiga makundi yote ya familia moja ya Uru, tukaondoka, na jioni ukumbini ikagundulika kwamba bibi mzaa baba alikuwa amekaa ndani ya gari wakati wote, akisubiri kuitwa. Tulimpiga ukumbini, chini ya taa, na picha ni nzuri, lakini haina ile ngazi ya kanisa alikobatizwa mwanawe. Tangu hapo jina la kwanza kwenye kila orodha yangu ni la mtu mzima kuliko wote, pamoja na jina la kijana atakayemshika mkono.

Ukumbini

Ukumbini nuru ni ya kutengenezwa, hivyo ratiba inahusu mpangilio zaidi kuliko saa. Tatizo kubwa ni taa za mapambo za zambarau na buluu, ambazo machoni hupendeza na kwenye ngozi zetu huleta rangi ya mgonjwa. Hazina budi kuzimwa au kugeuzwa ukutani katika matukio matano: maharusi kuingia, utambulisho wa wazazi, kufungua shampeni, kukata keki, na kuletwa kwa ndafu. Mpambaji, mtu wa muziki, mshereheshaji na mpiga picha wakutane dakika 10 kabla ya wageni kuingia na wakubaliane hivyo. Mashine ya moshi nayo isubiri muziki wa kucheza, kwa kuwa moshi ukitangulia, flashi hupiga ukungu mweupe na maharusi hutoweka ndani yake.

Ndafu huingia kwa shangwe, na kwa dakika 2 za kwanza kila mwenye simu husimama mbele ya kamera. Mshereheshaji aombe wageni wabaki vitini mpaka kisu kiguse nyama; akisema kwa utani watamsikiliza, akisema kwa ukali hawatamsikiliza. Keki na ndafu viwe mapema, kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula vipodozi vimeyeyuka na wazee wameanza kuaga. Foleni ya zawadi, kwa upande mwingine, ni ndefu na kila mtu anataka aonekane akitoa; mpiga picha mmoja abaki hapo na mwingine azunguke mezani. Nao wapewe chakula wakati wageni wanapokula, si baada ya wote, kwani hakuna picha ya maana inayopigwa mtu akiwa na kijiko mdomoni.

Karatasi yenyewe

Ratiba iandikwe ukurasa mmoja, kwa saa za Kiswahili, na kila saa iambatane na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Niliwahi kuona mkataba wa ukumbi uliosema "kuanzia 6:00" na kamati ikaelewa mchana, mwenye ukumbi akaelewa jioni, na wapambaji wakakaa nje ya geti na maua yaliyokuwa yakinyauka juani. Pembeni mwa kila saa andikeni jina la anayehusika na namba yake ya simu, wala si "kamati", kwa maana kamati haipokei simu. Simu ya bibi harusi ikabidhiwe msimamizi wake tangu asubuhi.

Pawepo mstari mmoja wa mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli za Novemba na Desemba huweza kumwagika alasiri ile ile mliyoipangia bustani, hivyo chagueni baraza pana au ukumbi wa hoteli wenye madirisha makubwa, lipieni kama kuna malipo, na amueni nani atakayesema "twende kwenye mpango wa pili" na saa ngapi atalisema. Mimi huweka saa 10 kamili. Miavuli iwe ya rangi moja, myeupe au myeusi, kwa kuwa ile ya matangazo ya kampuni za simu itaonekana kwenye kila picha.

Nakala zigawiwe siku tatu kabla: kwa mpambaji, madereva, msimamizi wa kanisa, wasimamizi wa maharusi, mshereheshaji, mpishi na wapiga picha. Halafu Ijumaa jioni mtu wa kamati awapigie madereva mmoja mmoja na kuwauliza kesho watakuwa getini saa ngapi, na dereva atakayejibu "mapema tu, usiwe na wasiwasi" aombwe aitaje saa.